"Alikufa kwa tumbo" siyo jibu

Mbukwenyi wasomaji wetu. Wiki hii meza yangu imejaa matumbo, yaani barua karibu zote ni tumbo, mara mshipa mara kinyama mara kitovu, nimechukua tatu. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mi ni nesi mstaafu, nimekaa tieta na wodi ya upasuaji hapahapa Dodoma mpaka miguu ikasema basi. Siyo daktari. Ninachoandika hapa kisikufanye uache kwenda kuonwa.

*Shikamoo mama. Mi ni kuli pale soko la mahindi Kibaigwa, nina miaka 34. Tangu mavuno ya mwaka jana kuna kitu kinatokeza kinenani upande wa kulia, kama limao hivi, nikilala kinarudi, nikibeba lumbesa kinatoka. Wenzangu wanasema ni mshipa. Mmoja kaniambia nikipasuliwa ndo basi sizai tena, mwingine anasema siku hizi wanakushonea chandarua tumboni. Ni kweli? Na nikiamua kufunga tu mkanda nikaendelea na kazi? – Mpagazi, Kibaigwa*

Marahaba mwanangu. Kwa ulivyoeleza hiyo ni henia ya kinena, ndo hiyo watu wanaita ngiri au mshipa, na usiichanganye na busha maana busha ni maji yamejaa kwenye korodani, ukilala hayarudi popote.

Lumbesa usiilaumu peke yake. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako korodani zako zilikuwa juu huko, zikashuka zikapitia kinenani, na ile njia zilipopitia inabaki sehemu dhaifu kwa kila mwanaume, ndo maana hesabu za Uingereza zinaonyesha wanaume kama 27 kati ya 100 wanakuja kufanyiwa operesheni hii maishani mwao na wanawake kama 3 tu. Gunia linasukuma mlango ambao komeo lake lilikuwa bovu toka zamani.

Sasa hilo la mkanda. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2006, wanaume 720 wenye henia isiyowasumbua sana, nusu wakapasuliwa nusu wakaambiwa wasubiri waangaliwe. Kwa waliosubiri, utumbo kunasa ilitokea mara chache mno, chini ya watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo henia siyo bomu. Ila baada ya miaka kumi karibu 7 kati ya 10 ya wale waliosubiri walishapasuliwa wenyewe, wengi kwa sababu ya maumivu. Na mi nakuongezea langu: wale walikuwa na henia ambayo haiwasumbui, na walikuwa chini ya macho ya madaktari. Wewe unabeba magunia, na ikinasa saa nane usiku huko Kibaigwa unaanza kutafuta gari.

Nikwambie ikinasa inakuwaje. Analetwa mtu, kile kivimbe hakirudi tena, kigumu, kinauma, anatapika, hajatoa hata upepo tangu jana. Tukifungua unakuta kipande cha utumbo kimekuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Daktari anakilegeza pale kilipobanwa, halafu tunakifunika na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, watu wote kimya, mtu wa usingizi anaangalia mashine yake, sisi tunaangalia utumbo. Dakika zinaenda. Ukirudi kuwa wa pinki na ukaanza kujinyonganyonga tunashukuru Mungu tunafunga. Usiporudi unakatwa. Mjomba wangu mwenyewe wa kuzaliwa na mama yangu alifikishwa siku ya tatu, kule alikopitia kwanza waliandika malaria wakamrudisha nyumbani, na msibani watu wakawa wanasema kafa kwa tumbo. Mi nilijua kafa kwa henia ambayo alikaa nayo miaka kumi na mkanda wake.

Chandarua, haya. Kidogo ni kweli, watu wameipindisha tu. Zamani henia ilishonwa kwa kuvuta nyama ikutane na nyama, Muitaliano Bassini ndo aliianzisha vizuri miaka ya 1880, shida nyama iliyovutwa kwa nguvu inauma na inaachia. Ikaja wavu, kitambaa laini cha plastiki chenye matundu, kinawekwa pale penye udhaifu bila kuvuta kitu, mwili unaota ndani ya matundu. Tafiti nyingi zikijumlishwa, kila watu 46 waliowekewa wavu, mmoja anaepushwa henia kurudi ambayo ingemrudia kama angeshonwa nyuzi tu. Siyo muujiza, ila ni kitu.

Lakini wavu wa dukani ulikuwa bei, dola 125 hivi kwa kipande, ndo madaktari wakajaribu kitambaa kama cha chandarua, kisicho na dawa ya mbu, kikakatwa na kuchemshwa kwenye mashine ya mvuke mpaka hakuna mdudu. Chini ya dola 1. Majirani zetu Uganda mashariki walifanyiwa utafiti, wanaume 302, nusu wavu wa bei nusu wavu wa bei chee, matokeo yakatoka Januari 2016: baada ya mwaka mmoja henia ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu upande wa bei chee, upande wa pili hakuna, na matatizo madogomadogo kama uvimbe wa damu yalikuwa karibu sawa, 30.8 kwa 29.7 kwa mia. Wagonjwa na waliowapima baadaye hawakujua nani kawekewa upi. Mi nasema huo ni utafiti wa kwetu kuliko tafiti kumi za Ulaya. Ila we usije ukakata chandarua cha nyumbani ukampelekea daktari, tafadhali.

Kuzaa utazaa. Mrija wa mbegu unapita palepale ndo maana maneno yameanza, daktari anausogeza pembeni, na kuuharibu ni nadra. Muulize swali lingine ambalo watu hawaulizi, la maumivu yanayobaki, kwa sababu kama mmoja kati ya kumi anabaki na kamaumivu kinenani zaidi ya miezi mitatu, wengi kadogo, wachache kanawasumbua kweli. Kutembea ni siku hiyohiyo au kesho yake. Magunia mwambie msimamizi wako wiki sita, na akikuletea za kuleta mwambie lumbesa yenyewe serikali imepiga marufuku.

*Shikamoo. Nina miaka 29, naishi Nkuhungu, kwetu ni vijiji vya Mvumi. Baba yangu alikutwa na kansa ya utumbo mpana akiwa na miaka 47, akapasuliwa, akachoma dawa Dar, anaendelea vizuri. Sasa miezi miwili hii kuna uvimbe umetokeza kwenye kovu lake, akikohoa unatoka. Ndugu wanasema kansa imerudi na wanataka tuhangaike kwa mtaalam wa kijijini, kwa sababu shangazi alikufa kwa kansa ya kizazi, ile ya mji wenyewe siyo ya mlango, alikuwa na 51, na babu alikufa kwa tumbo. Wanasema ukoo umechezewa. Naogopa, na mimi nikienda chooni naona damu kidogo mara mojamoja, nimenunua dawa ya bawasiri stendi. – Binti wa Mvumi*

Marahaba mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nianze na uvimbe maana ndo unawanyima usingizi.

Unaotoka akikohoa na kurudi akilala, kwenye kovu la operesheni, mara nyingi ni henia ya kovu. Ngozi ilipona, ile ngozi ngumu ya ndani inayoshika tumbo haikushikana yote. Waholanzi walifuatilia watu 560 waliofunguliwa tumbo, matokeo yakatoka 2015, wakalinganisha kushona kwa hatua kubwa za sentimita moja na hatua ndogo za nusu sentimita. Mwaka mmoja baadaye waliopata henia ya kovu walikuwa 21 kwa mia kwa hatua kubwa na 13 kwa mia kwa hatua ndogo. Unaona? Uholanzi huko, na bado. Kwa hiyo siyo lazima kuna mtu kakosea na siyo lazima kansa imerudi. Lakini mrudishe kliniki aonwe, wampige CT, maana mgonjwa wa kansa huwa hatumwamini kwa macho tu. Uvimbe mgumu usiorudi ukilala, hiyo ni habari nyingine, nenda kesho.

Sasa la ukoo. Ndugu zako wameona kitu cha kweli wakakipa jina lisilo lake.

Mwaka 1895 kule Michigan, Marekani, daktari mmoja wa patholojia, yaani wa kuchunguza vipande vya mwili vyenye ugonjwa, anaitwa Aldred Warthin alimkuta fundi cherehani wake kanyong'onyea, akamuuliza kulikoni, akajibiwa nitakufa kansa tu mimi, ya tumbo au ya kizazi, kwetu wote tunakufa hivyo. Na kweli akafa hivyo, kansa ya kizazi, bado kijana. Warthin akauandika ukoo ule 1913. Baadaye Henry Lynch wa Omaha akakusanya koo nyingine, akachapisha 1966, wenzake wakamuona kama anatafuta makuu, kansa itarithiwaje? Miaka ya 1993 na 1994 jeni zikapatikana, yaani maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli, MSH2 kisha MLH1, na 2000 ikathibitika kuwa ukoo wa yule fundi cherehani ulikuwa na kasoro kwenye MSH2. Sasa hivi ugonjwa unaitwa sindromu ya Lynch.

Jeni hizo kazi yake ni kama ya msahihishaji wetu hapa ofisini. Seli ikijigawa inanakili maandishi yake yote, makosa lazima yawepo, msahihishaji anapita anayafuta. Wiki ambayo msahihishaji wetu anaumwa mnajionea wenyewe gazeti linavyotoka. Mtu wa Lynch amezaliwa na msahihishaji mmoja mbovu, wa pili akiharibika kwenye seli fulani, makosa yanajaa, na yanapenda kujaa kwenye utumbo mpana na kwenye kizazi. Ndo baba yako na shangazi yako hao. Na mwanaume anairithisha vilevile, kila mtoto ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, kwa hiyo msimwangalie mama yako vibaya.

Madaktari wana hesabu moja ya vidole: ndugu watatu wenye kansa za jamii hiyo na mmoja wao awe mzazi au mtoto au ndugu wa tumbo moja wa hao wawili, vizazi viwili, na angalau mmoja aliugua kabla ya miaka 50. Baba mmoja. Shangazi wa pili. Wa tatu ni babu, na babu "alikufa kwa tumbo". Hapo ndo nimekasirika nikaweka kalamu chini. Ukoo mzima umeng'ang'ania tumbo lile tumbo lile na hakuna anayejua tumbo lilikuwa na nini. Nenda kwa bibi kama yupo, au yule aliyemuuguza, usimuulize alikufa na nini, muulize alikuwa anapata choo, alikuwa anatoka damu, alikonda, tumbo lilijaa, alipasuliwa? Kwenye sanduku la nguo za bibi mara nyingi kuna karatasi za hospitali zimefungwa na khanga, mi nimeshaziona, hata za mwaka 1987.

Halafu karatasi ya patholojia ya baba. Mwombe daktari wake aulize kama kile kipande cha kansa bado kipo, maana huwa wanakihifadhi kwenye nta miaka, na kinaweza kupakwa dawa kuangalia zile protini nne za usahihishaji kama zipo au zimepotea. Zikikosekana ndo mnaongea habari ya kupima damu ya ukoo. Hata kwa baba mwenyewe inasaidia, kuna dawa za kinga ya mwili zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa kansa za aina hiyo. Kama hapa hospitali ya Benjamin Mkapa au Ocean Road kule Dar watakwambia sampuli itumwe mbali, uliza bei na muda, usiondoke na "tutaona".

Wewe sasa. Dawa ya bawasiri ya stendi weka pembeni. Damu inaweza kuwa bawasiri kweli, kwa msichana wa 29 mara nyingi ndo hiyo, lakini kwa binti wa baba huyu hatukisii, unapigwa kolonoskopi, yaani mpira wenye kamera unapitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Wenye Lynch wanaanza miaka 25 na kurudia kila mwaka mmoja au miwili, na hata ukoo usio na kasoro hiyo ya jeni, mtoto wa mtu aliyeugua na 47 anaanza akiwa na 37. Kinyama kilichoota ndani ya utumbo kikionekana kinakatwa palepale kwa waya, hujalazwa. Najua mnaona aibu, ile dawa ya kusafisha tumbo usiku wa kuamkia kipimo ndo mbaya kuliko kipimo chenyewe, kaa karibu na choo, basi.

Kuna na aspirini. Utafiti wa watu 861 wenye Lynch, waliopangiwa kumeza miligramu 600 kwa siku, walipofuatiliwa kwa wastani wa miaka kumi kansa ya utumbo ilikuwa 9 kwa mia, kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa 13. Ila ni ya kuongea na daktari baada ya majibu ya jeni. Aspirini inaweza kuchubua tumbo, na vidonda vya tumbo mnavyo tayari kutosha hapa mjini.

Na mtaalam wa kijijini, sikukatazi kwenda kusalimia. Nauli ya kwanza iwe ya kliniki.

*Dada, mwanangu ana miezi minane, kitovu kimetokeza kama zabibu. Mama mkwe kamfunga sarafu ya mia mbili na kitambaa. Ni sawa? – Mama Neema, Hombolo*

Kitovu cha hivyo kwa mtoto wengi kinajifunga chenyewe kabla ya miaka minne mitano, sarafu haifungi chochote, inachubua ngozi tu. Kikizidi umri huo au kikigoma kurudi ndani na mtoto analia na kutapika, hospitali. Ingekuwa kinenani ningekwambia ukimbie leo, ya kinenani kwa mtoto haisubiriwi. Mama mkwe mwambie kwa adabu, kwamba nesi wa gazeti kasema, lawama nibebe mimi. Na hiyo mia mbili mnunulie karanga.