Soksi za kwanza: kisigino hakina shida, angalia mdomo

Huku Njombe ukiingia Juni, sakafu ya saruji inauma nyayo hata ukiwa na ndala. Mama yangu analalamikia baridi ya miguu tangu nikiwa mdogo, na soksi za dukani zinambana juu ya kifundo mpaka zinaacha alama. Kwa ajili yake nikaamua kujifunza kufuma soksi. Masweta nilikuwa nayaweza, nikajua hii ni kazi ya siku mbili tu. Nilimaliza baada ya wiki tatu, na soksi yenyewe haikuvalika.

Kila niliyemuuliza alinitisha kuhusu kisigino. Kisigino kikatoka vizuri. Kilichonikwamisha ni mdomo, pale juu mguu unapoingilia. Nilianzisha vitanzi nikivikaza sana, maana niliogopa soksi isije ikawa inashuka. Mama akaingiza vidole vya mguu, akavuta, ikafika kisiginoni ikagoma. Akaivuta tena taratibu, kisha akanitazama: "Mwanangu, ni nzuri sana, ila mguu hauingii." Nilikaa jikoni nikaifumua yote usiku uleule.

Kwa hiyo la kwanza ni hili: anzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, halafu chomoa moja. Mdomo utabaki na nafasi ya kutanuka. Sehemu pana kuliko zote mguuni ni pale unapozungusha futikamba kutoka nyuma ya kisigino hadi juu ya mguu, na mdomo lazima uvuke hapo. Fuma vitanzi viwili kwa mbele, viwili kwa nyuma, kwa sentimita tano hivi. Mfumo huo unavutika kama lastiki na kurudi.

Sindano nazo. Bibi zetu wengi walifumia spoki za baiskeli walizozinoa ncha kwenye jiwe, nami nilianza nazo. Spoki ina unene wa kama milimita 2, inafaa uzi mwembamba. Uzi wangu ulikuwa wa sweta, kitambaa kikatoka kigumu kama gunia. Nikahamia sindano tano za milimita 3.5 zenye ncha pande zote mbili: nne zinabeba vitanzi, ya tano inafuma.

Usinakili idadi ya vitanzi vya mtu mwingine. Fuma kipande kidogo, uhesabu. Mimi nilipata vitanzi 24 kwa sentimita 10. Mguu wa Mama una mzunguko wa sentimita 22, na soksi inatakiwa iwe ndogo kuliko mguu kwa karibu sehemu moja ya kumi ili ishike. Sentimita 20, vitanzi 48.

Sasa kisigino. Chukua nusu ya vitanzi, yaani 24, uvifume peke yake kwenda na kurudi kwa mistari 24. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari kihamishe bila kukifuma, ndipo pembeni patokee mnyororo wa vitanzi 12. Kisha fuma 14, unganisha viwili kiwe kimoja, fuma kimoja, geuza kazi ingawa vitanzi saba bado vinasubiri. Hapa ndipo moyo unaposita, maana inaonekana kama umekosea. Hujakosea. Hamisha kimoja, fuma vitano, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Utaona pengo dogo kila ulipogeukia. Kila mstari unaunganisha kitanzi cha upande huu na cha upande ule wa pengo, mpaka vinabaki 14 na kitambaa kimejikunja kama kikombe. Siku kikombe kile kilipojitokeza mikononi mwangu nilimwita Mama aje aone.

Baada ya hapo okota vitanzi 12 kwenye mnyororo wa kila upande, rudi kufuma kwa mzunguko, ukipunguza viwili kila mzunguko wa pili hadi urudi 48. Nyayo ni kufuma tu. Zikibaki sentimita tano kufika ncha ya kidole kirefu, anza kupunguza vinne kila mzunguko wa pili; vikibaki 24 punguza kila mzunguko, na vinane vya mwisho vishone kwa shazia.

Kuhusu uzi, nasisitiza. Mama hukaa karibu na jiko la mkaa, na nyuzi nyingi za madukani ni akriliki. Choma kipande kidogo: akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Kwa anayeota moto, tafuta sufu. Mimi naipata kwenye mitumba. Nachagua sweta la sufu ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo, si vilivyokatwa kwa mkasi, kwa sababu hivyo vitakupa nyuzi fupifupi. Nalifumua, naosha uzi kwa maji ya baridi bila kusugua, nautundika na kitu kizito chini ili unyooke.

Na ukimaliza soksi ya kwanza, anzisha ya pili jioni ileile, hata vitanzi tu. Andika idadi ya mistari kwenye karatasi wakati unafuma. Yangu nilikadiria kwa macho, na soksi ya mguu wa kushoto wa Mama bado ni ndefu kwa mistari minne. Anazivaa kila usiku.