Pikapu au Canter? Jibu kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata: ukiacha kukodi magari, ununue pikapu ya kebini mbili au Canter, lile lori dogo la Mitsubishi, kwa kazi yako ya kutengeneza bustani hapo Kisumu? Kwa kazi ulizonieleza, za viwanja vipya vya Riat na Mamboleo vinavyoanza na udongo, samadi na kabro (matofali ya zege ya kutandika chini), nunua Canter ya tani 3 yenye bodi fupi. Sababu yangu kubwa ni uzito.

Mita moja ya ujazo ya udongo mwekundu wenye unyevu hufika kilo 1,600 hivi. Mchanga na kokoto haviko mbali na hapo. Sasa chukua bodi ya pikapu ya kawaida, urefu mita 2.2, upana 1.5, kina sentimita 40. Ukiijaza hadi ukingoni umebeba mita za ujazo 1.3, yaani zaidi ya tani 2, kwenye gari lililotengenezwa kubeba tani 1 pamoja na watu wake. Kwa macho mzigo unaonekana wa kawaida tu, ndiyo maana pikapu nyingi za kazi hii huharibika mapema. Springi hulala, taa za mbele huelekea juu, usukani huwa mwepesi kwa kuwa magurudumu ya mbele yameinuliwa, na ukishuka kilima cha Riat kuja mjini breki hupata moto hadi zinakataa kushika. Baada ya muda chesisi hupinda nyuma ya kebini. Kebini mbili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu bodi ni fupi na sehemu kubwa ya mzigo hukaa nyuma ya ekseli.

Kabro ya milimita 60 ina kilo 138 hivi kwa kila mita ya mraba. Mteja wa mita 100 za mraba anahitaji karibu tani 14: pikapu itaenda safari 14 au zaidi, Canter 5. Piga hesabu ya dizeli na ya siku ya vijana wako hapo, utaona pikapu ya bei nafuu inavyogeuka ghali.

Fundi akikwambia pikapu inaweza kuongezwa pleti za springi, mkatalie. Pleti hizo zinanyanyua bodi tu. Ekseli, beringi, breki na chesisi hubaki na nguvu zilezile, nawe unapoteza ile ishara ya kulala kwa springi ambayo ingekuonya.

Bodi fupi nimeisema kwa makusudi. Yenye mita 3.1 kwa 1.7 hufikisha tani 3 udongo ukiwa sentimita 36 kutoka sakafuni; piga mstari wa rangi ndani kwa kipimo hicho, taniboi ajue pa kusimamisha sepetu. Bodi ndefu ya mita 4.3 inavutia kwa miche na mabomba, lakini siku ya udongo wataijaza, na hapo umepita tani 4. Hakikisha pande zote tatu zinafunguka, maana kabro na miche ni rahisi kushusha kutoka ubavuni. Kumbuka pia kwamba bodi ya chuma kizito iliyochomelewa na mafundi wa jua kali, pamoja na sanduku la vifaa, inaweza kula kilo 300 za mzigo wako, na uzito huo mara nyingi haumo kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari. Ipime tupu kwenye mizani.

Tipa usiikimbilie. Jeki yake ya haidroliki ni uzito mwingine, na kwenye viwanja vya mteremko gari huweza kupinduka bodi ikiwa juu. Siku ya udongo mwingi, kodi.

Unapokwenda kuliona gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi ugonjwa. Moshi wa samawati usiokoma ni oili inayoungua. Mweusi ni nozeli za dizeli mbovu au filta ya hewa iliyoziba. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: hewa ikipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha, na gharama ya kufungua injini ni yako. Vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achilia klachi taratibu. Injini isipozima, klachi inateleza. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, ulishike juu na chini ulitikise: likicheza, king'pini (pini ambayo gurudumu hugeukia) au beringi zimelika. Kisha lala chini na tochi uangalie chesisi yote, hasa nyuma ya kebini na pale springi zinaposhikilia. Ukiona chuma kimechomelewa au rangi mpya sehemu moja tu, ondoka, hata bei ishuke namna gani. Mengine yote hutengenezeka. Ukikosa Canter, lori dogo la Isuzu NKR lenye hali nzuri pia nalikubali.

Upande wa Kano udongo mweusi ukilowa, Canter tupu itazama, kwa hiyo panga kazi za huko wakati wa kiangazi. Na kila jioni mwambie dereva aangalie kati ya tairi pacha za nyuma: jiwe likibanwa pale huzikata zote mbili.

Kuhusu karatasi, fanya upekuzi wa umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kutoa shilingi yoyote, na ulinganishe namba ya chesisi na ile ya logbuku kwa macho yako. Dereva awe na leseni ya daraja C1. Daraja B halitoshi. Bima nayo isome vizuri: ile ya kubeba mali yako mwenyewe haikulindi ukibeba mchanga wa jirani kwa malipo. Ukitaka kufanya kazi ya kubebea watu mizigo siku ambazo hakuna bustani, nunua bima ya aina hiyo tangu mwanzo.

Ukipata gari, nitumie picha za chesisi kabla hujalipa.

Ni mimi, babako