Msaragambo wa karatasi: kura ya kukarabati shule inamhusu na mpangaji

Kwetu Same, Tanzania, mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia hakuna anayeuliza kama ana mtoto shuleni. Unabeba jembe au ndoo ya mchanga, unapanda mlima. Wananchi wanainua boma la darasa mpaka kwenye linta, halafu wanasubiri halmashauri ije kupaua. Nilipohamia Portland, jimbo la Maine, niliamini kwamba shule za Marekani serikali inajenga yenyewe, kazi yangu ni kumpeleka mtoto tu.

Kilichonizindua ni dirisha. Ilikuwa Januari, nimeenda kuonana na mwalimu wa mwanangu, nje theluji inafika magotini. Ndani ya darasa dirisha liko wazi, limetegwa na kitabu kinene lisijifunge. Mwalimu akanieleza kuwa kipasha joto cha chumba kile hakipunguziki: kikiwaka kimewaka chote. Ng'ambo ya korido, watoto wa darasa jingine walikuwa wamekaa na makoti. Nilirudi nyumbani nikiyawaza mafuta yanayochomwa kwenye boila ili joto lake litokee dirishani. Fedha yake ni ya kodi. Kumbe ubovu wa jengo tulikuwa tunaulipia kila msimu wa baridi, na jengo linabaki vilevile.

Kwa hiyo Novemba 2017, jiji lilipowaomba wapiga kura ridhaa ya kukopa ili kukarabati shule za msingi za Lyseth, Longfellow, Presumpscot na Reiche, sikuhitaji kubembelezwa. Utaratibu wenyewe ni huu: jiji linauza hati fungani, wawekezaji wanatoa fedha sasa, na jiji linawarudishia pamoja na riba kwa miaka mingi, hasa kutokana na kodi ya majengo. Fedha hiyo ni ya ujenzi. Haiingii kwenye mishahara.

Ushauri wangu wa kwanza: soma swali lenyewe kabla ya siku ya kura. Mwaka ule kulikuwa na mapendekezo mawili, moja la shule zote nne kwa takriban dola milioni 64, jingine la shule mbili tu kwa karibu nusu ya fedha hiyo. Siku hiyohiyo wapiga kura wa jimbo walikuwa wanaamua pia habari ya kasino na ya kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtu aliyetoka kazi ya usiku, amesimama na karatasi ndefu ya Kiingereza cha kisheria, anaweza kuiruka sehemu ya shule bila kukusudia. Mfano wa karatasi ya kura hutolewa mapema. Mimi niliuchukua, nikaukalisha mezani na kamusi, nikawasomea wenzangu kwa Kiswahili.

Hapo ndipo mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, aliponiuliza, "Dada, mimi ninapanga. Nyumba si yangu. Hayo yananihusu nini?" Swali lake ni la haki, na nimelisikia mara nyingi. Tulichukua kalamu. Tuseme kodi ya majengo inapanda senti 50 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba (huo ni mfano wa hesabu tu). Nyumba ya dola 300,000 italipa dola 150 zaidi kwa mwaka, yaani dola 12 na nusu kwa mwezi. Ikiwa na wapangaji watatu na mwenye nyumba akawasukumia yote, kila mmoja anabeba dola nne na kidogo. "Basi nami nalipa," akasema. Ndiyo mama, unalipa. Ukishajua unalipa, una haki ya kuuliza unanunua nini. Ukiwa katika mji mwingine, omba kiwango halisi kwenye ofisi ya jiji na ufanye hesabu hiyo mwenyewe, kwa sababu mamilioni yanatisha na hayamwambii mtu kitu.

Usimdharau anayepinga. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mstaafu, anaishi kwa pensheni, na kila kodi ikipanda anakaza mkanda. Nilianza kumhubiria kuhusu watoto, nikaona uso wake unafunga. Nikanyamaza, nikamwacha aseme hofu yake. Kilichomsaidia ni kuambiwa kwamba Maine ina nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo, wanaomiliki nyumba na wanaopanga, na kwamba inaombwa wakati wa kujaza fomu za kodi ya mapato ya jimbo. Hakuniahidi kura yake. Aliniomba nimwandikie jina la ile nafuu.

Jambo hili nalisema kwa msisitizo: kama hujala kiapo cha uraia, usijiandikishe na usipige kura, hata mtu akikuambia hakuna shida. Mwaka 2010 wakazi wa Portland walikataa pendekezo la kuwaruhusu wasio raia kupiga kura za jiji. Kosa moja la kujiandikisha linaweza kuharibu safari yako yote ya uraia. Ukiulizwa kama wewe ni raia kwenye ofisi ya leseni za udereva, jibu ukweli. Lakini mdomo haujafungwa. Unaweza kwenda kwenye kikao cha bodi ya shule, ukaomba mkalimani, ukaeleza ulichokiona darasani. Na aliye raia ajue kwamba Maine inaruhusu kujiandikisha siku ileile ya kura, ukifika na uthibitisho wa wewe ni nani na unaishi wapi.

Pendekezo la shule nne lilipita. Nikaendelea kwenda vikaoni, maana kwetu boma likishainuliwa ndipo watu huanza kutoroka, na ndipo saruji hupotea. Uliza zabuni imeenda kwa nani, akiba ya dharura imebaki kiasi gani, watoto watasomea wapi vumbi likianza. Mimi zamu yangu ilipofika niliuliza kama kila darasa litakuwa na kidhibiti chake cha joto. Mhandisi alifungua michoro, akatafuta kwa kidole, akanionyesha kialama kidogo cha duara ukutani kando ya mlango. Kisha akanionyesha cha chumba kinachofuata.