Laptopu inachemka ikiwa kwenye chaja? Majibu ya maswali yenu

Safari hii maswali karibu yote ni ya joto, nimechukua matano yanayojirudia.

Nikitumia betri laptopu iko poa, nikichomeka chaja tu dakika ishirini nyingi inakuwa kama pasi. Chaja mbovu?

Mara nyingi chaja haina kosa. Kuna kazi mbili zinaenda kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni betri kujazwa, maana betri ya lithiamu ina ukinzani ndani yake na umeme ukisukumwa kuingia kuna kiasi kinapotea kama joto, tena ikiwa chini inapokea kwa kasi, ikishafika asilimia 80 hivi ndo inaanza kupokea taratibu. Ya pili, na hii ndo wengi hawaijui, ni kwamba mashine ikishajua iko kwenye umeme wa ukutani inamfungulia prosesa, yaani ubongo wa mashine, akimbie anavyotaka, wakati kwenye betri ilikuwa inambana ili chaji idumu. Kwa hiyo gemu ileile, video ileile, joto tofauti kabisa. Ingia kwenye setingi za umeme, pale kwenye "ikiwa kwenye chaja" toa ile ya nguvu kubwa weka ya wastani, kisha fanya kazi zako za kila siku. Kwa kuandika na kuperuzi hutaona tofauti ya kasi ila mikono yako itaona tofauti ya joto. Na kama una kazi nzito ya kuhariri video, acha betri ijae kwanza ndo uanze.

Naitumia kitandani, kuna ubaya?

Upo. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini, na shuka au mto unaziba yale matundu yote. Tafuta hata ubao au trei ngumu uweke chini yake, au inyanyue kwa nyuma sentimita mbili tatu hewa ipite. Feni za kuweka chini nazo zinasaidia kama mashine yako ina matundu chini, kama haina basi msaada wake ni mdogo.

Feni inanguruma muda wote, nimepuliza vumbi kwa nje lakini wapi.

Kwa nje hutaliona. Ukifungua mfuniko wa chini utakuta feni, na pale inapopulizia hewa kuna vibati vyembamba vimepangana kama meno ya kitana, sasa vumbi linajikusanya katikati ya feni na hivyo vibati mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi, unaweza kulishika ukalivuta likatoka zima. Feni inazunguka kwa nguvu zote na hewa haina pa kutokea! Zima mashine kabisa, chomoa chaja, chomoa na waya wa betri kwenye bodi, halafu shikilia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke wakati unapuliza, ukiyaacha yazunguke kwa upepo mkali unaweza kuua feni. Kama mashine ina miaka kadhaa mwambie fundi abadilishe na ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa, huwa inakauka na joto linashindwa kupita. Kama hujawahi kufungua laptopu mpe fundi tu, hapo usijaribie.

Naweza kuiweka kwenye friji kidogo ipoe?

Hapana jamani. Ukiitoa kwenye baridi unyevu wa hewa unafanya matone ndani kama kwenye chupa ya maji baridi, na unyevu juu ya bodi ni shoti. Izime, ichomoe, iache mezani.

Ile sehemu ya kusogezea mshale imenyanyuka na mfuniko haufungi vizuri, na ikichaji inachemka sana. Niendelee kuitumia mpaka nipate hela?

Hili ndo swali lililonitisha kuliko yote. Hiyo ni betri imevimba, ndani imejaa gesi, na betri iliyovimba inaweza kushika moto. Usiichaji tena hata kidogo. Izime, iweke mbali na kitanda na vitu vinavyoungua, usiibonyeze irudi na usiitoboe kutoa hewa (kuna watu wanafanya hivi!), mpelekee fundi aitoe. Ikishatolewa isitupwe kwenye takataka za kawaida. Laptopu nyingi zinawaka kwa chaja bila betri, muulize fundi kama yako ni mojawapo, kazi ziendelee huku unatafuta hela ya betri. Ukiweka mpya, na kama mashine inashinda kwenye chaja, angalia kwenye setingi kama kuna sehemu ya kuizuia isivuke asilimia 80, maana kukaa imejaa kwenye joto siku nzima ni kati ya vitu vinavyoichosha betri haraka.