ULIZA MKUNGA: Nikilia usiku, na mtoto tumboni anaumia?

Wiki hii meseji nyingi zilizoingia ni za wajawazito wenye mawazo, kuanzia Newala mpaka Kilwa. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana najua wanaopitia hali hiyo hiyo kimya kimya ni wengi.

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Mi nipo Tandahimba, nina mimba ya miezi sita, ya pili hii. Mume wangu alivolipwa hela ya korosho mnada wa mwisho akaondoka nayo yote, akasema anaenda Mtwara mjini kununua mabati, mpaka leo hajarudi na nasikia kuna mwanamke anaishi nae huko. Nalia kila usiku, chakula hakipiti, mgongo unauma na chini ya kitovu panavuta hasa nikitoka kuchota maji. Duka la dawa walinipa diklofenaki ndo nameza. Mama mkwe ananiambia niache kulia, eti mtoto anakunywa machozi yangu atazaliwa zezeta. Ni kweli anasikia maumivu yangu? Nishamharibu mwanangu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndo linalokunyima usingizi: hapana, hujamharibu.

Maumivu ya mgongo wako hayamfikii mtoto kama maumivu. Mishipa ya fahamu ya kwako ni yako na ya kwake ni yake, na ile kamba ya kitovu inayowaunganisha haipitishi hisia ya maumivu kabisa, inapitisha damu tu. Kwahiyo mgongo ukikukamata wewe, yeye hakamatwi. Machozi nayo hayaendi tumboni jamani, yanatoka machoni yanaishia kwenye kanga.

Ila kuna kitu kinachopita na lazima nikwambie ukweli wote. Mtu akiwa na hofu au mawazo mazito mwili unatoa homoni, kuna adrenalini, hii inafanya moyo uende mbio na mishipa ya damu ibane, na kuna kotisoli ambayo inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Kondo la nyuma lina kinga yake, linaivunja kotisoli nyingi ya mama kabla haijamfikia mtoto, yani Mungu kaweka mlinzi pale mlangoni. Ndo maana siku moja ya kilio, ugomvi wa wiki, kushtuka na pikipiki barabarani, hivo vyote mtoto anavihimili vizuri tu. Shida inakuja pale mawazo yanapokaa miezi bila kupumzika, mama hali, halali, hana wa kumwambia, hapo ule ulinzi unaweza kupungua nguvu na uwezekano wa kujifungua kabla ya wiki 37 au kuzaa mtoto chini ya kilo 2.5 unapanda. Nasema uwezekano unapanda, sisemi itatokea. Wanawake wengi sana wamepita kwenye mateso na wamezaa watoto wenye afya na akili zao timamu.

Kwenye akili, watafiti walishafuatilia. Januari 1998 kule Kanada jimbo la Quebec kulikuwa na dhoruba ya barafu, umeme ukakatika, familia nyingine zilikaa gizani wiki kadhaa kwenye baridi kali. Wanawake waliokuwa wajawazito kipindi kile wakafuatiliwa na watoto wao miaka na miaka. Wale waliopata taabu kubwa zaidi, watoto wao kwa wastani walikuwa nyuma kidogo kwenye lugha na baadhi ya vipimo vya akili walipokuwa wadogo. Kwa wastani, na kidogo. Hakuna aliyesema watoto wale ni mazezeta. Na mtoto akishazaliwa, kubebwa, kunyonya, kuongeleshwa na kuchezeshwa kunajenga ubongo wake pia, hautengenezwi tumboni peke yake.

Kuna dada mmoja aliwahi kuja kliniki macho yamevimba, amelia usiku kucha, anaogopa hata kupanda kitandani apimwe kwa sababu alishajiaminisha kwamba mtoto kafa kwa huzuni yake. Nikamuwekea tumboni ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, nikasogeza kidogo upande wa kushoto pale mgongo wa mtoto ulipolala, nikasikia tukutuku tukutuku, nikahesabu kwa saa: mapigo 142 kwa dakika. Kawaida ni kati ya 110 na 160. Mtoto yuko kwenye shughuli zake. Yule dada alishika ile pembe akaomba nihesabu tena kwa sauti.

Sasa twende kwenye yanayoniogopesha mimi kwenye meseji yako, na machozi hayamo.

La kwanza ni diklofenaki. Acha leo. Hiyo dawa pamoja na ndugu zake kama ibuprofeni, mimba ikishafika wiki 20 zinaweza kusumbua figo za mtoto na maji ya kwenye chupa ya uzazi yakapungua, na ukielekea miezi ya mwisho zinaweza kubana mshipa muhimu karibu na moyo wake. Usianze kujilaumu kwa ulizokwisha meza, waambie kliniki umemeza ngapi na kwa siku ngapi, waangalie. Ya maumivu kwa mjamzito kwa kawaida ni parasetamo, kwa dozi utakayoambiwa na kwa siku chache. Na ukiingia duka lolote la dawa neno la kwanza liwe "mimi ni mjamzito", hata kama tumbo linaonekana, maana wengine wanauza bila kuinua macho.

La pili hiyo kuvuta chini ya kitovu. Inaweza kuwa ni nyama zinazoshikilia mji wa mimba zinavutika tu, hiyo ni kawaida, lakini inaweza ikawa yutiai, yani maambukizi ya njia ya mkojo, na yutiai isiyotibiwa huanzisha uchungu kabla ya wakati. Nenda ukapime mkojo, usisubiri tarehe ya kadi. Na kama maumivu yanakuja yanaondoka kwa mpangilio, au unaona damu, maji yanatoka, kichwa kinauma sana macho yanaona giza, uso na mikono imevimba, homa, au mtoto amepunguza kucheza, hapo usiandike meseji kwangu, tafuta bodaboda uende kituoni saa hiyo hiyo hata iwe usiku.

Maji najua. Huko juu kwenu Makonde maji ni vita, mtu anatembea na ndoo kichwani mwendo mrefu na jua. Kama hakuna wa kukuchotea, chota nusu ndoo, usiinue kutoka chini peke yako, na ukifika lala ubavu wa kushoto na mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Mgongo utapumua.

La tatu chakula. Uji wa karanga kidogo kidogo, mbaazi, dagaa, kisamvu, hata vijiko vinne vinne kila baada ya saa mbili. Uholanzi kwenye njaa ya vita ya 1944 na 1945 wanawake waliokosa chakula miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto wenye uzito mdogo, kwahiyo kutokula kwako ndo njia mojawapo ambayo huzuni inamfikia mtoto, na hii tunaweza kuizuia.

Na moyo wako nao ni ugonjwa wa kutibiwa. Kulia kila siku zaidi ya wiki mbili, kukosa hamu ya chakula na ya kila kitu, hiyo inaweza kuwa sonona ya ujauzito, na Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema katika nchi zetu hizi inawapata karibu wajawazito 15 au 16 kati ya 100. Mwambie nesi kliniki maneno haya haya uliyoniandikia, ukishindwa kuongea mpe simu asome. Kama kuna siku unawaza bora ufe, hilo lisivuke siku, mwambie mtu akupeleke hospitali. Halafu kuhusu mume: kutunza mke ni wajibu wake kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, sio hisani. Nenda ofisi ya kata au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, wanamwita. Usione aibu, aibu ni yake aliyekimbia na hela ya msimu mzima mlioupalilia na kuokota wote.

Mama mkwe, kama huyu mkweo akikusomea hapa, shikamoo. Mtoto wako ndo kaondoka na huyu binti kabaki nyumbani kwako na mjukuu wako tumboni. Ukimwambia asilie unamuongezea woga juu ya huzuni. Mchotee maji, mpikie, kaa nae jioni kwenye mkeka umsikilize. Mambo matatu hayo yatamlinda mjukuu wako kuliko maonyo yote.

SWALI: Habari dada, mi ni mvuvi Kilwa Masoko. Mke wangu uzazi wa kwanza aliteseka siku nzima na sasa mwezi wa nane anatetemeka akisikia leba, anasema uchungu ule utamuua mtoto. Bibi yake anataka ampe dawa ya mizizi uchungu uende haraka.

JIBU: Kaka, kwanza hongera kwa kuuliza, wanaume wanaoandika hapa ni wachache. Hiyo dawa ya mizizi hapana, kabisa. Inaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mji ukapasuka, na hapo tunaweza kupoteza wote wawili. Mwambie bibi kwa heshima lakini usilegeze.

Uchungu wenyewe haumuui mtoto mwenye afya. Kila ukibana damu inapungua kidogo kwenda kwake, ukiachia inarudi, na yeye ana akiba ya kumtosha hiyo nafasi. Hata zile homoni zake mwenyewe wakati wa leba zinamsaidia kukausha maji ya mapafu ili avute pumzi ya kwanza vizuri. Ndo maana wakunga tunasikiliza mapigo kila nusu saa na kuchora kwenye chati, tukiona hayaendi sawa tunachukua hatua.

Woga ndo wa kushughulikia, kwa sababu mwanamke akiogopa sana adrenalini inapanda na ile homoni inayosukuma uchungu inazubaa, leba inaweza kuchelewa. Mpeleke kliniki sasa hivi aeleze kilichotokea uzazi wa kwanza, kama alishonwa, kama alitokwa damu nyingi, ili ipangwe mapema azalie kituo gani. Uliza kama wanaruhusu mtu wa kukaa nae leba, mama yake, dada yake, au wewe mwenyewe, WHO wanashauri hivo. Akiwa na mtu anaemuamini anamshika mgongo, anamkumbusha kupumua taratibu, uchungu unabebeka zaidi. Na wiki za mwisho usiende dago (kambi ya wavuvi) mbali, kaa na simu yenye chaji na hela ya gari iwe imeshatengwa.

SWALI: Mama, nipo Nachingwea, mimba miezi minne. Nimefiwa na mama yangu nikaanguka pale pale. Watu wanasema mtoto kashtuka atatoka na baka usoni.

JIBU: Pole sana mwanangu, Mungu ampumzishe mama. Mabaka ya kuzaliwa yanatokana na mishipa midogo ya damu au rangi ya ngozi inavojipanga, mshtuko wa mama hauchori kitu. Lakini kama ulipoanguka tumbo liligonga, au umeona damu, nenda kapimwe leo. Na mlilie mama yako, usijizuie kwa ajili ya mtu yeyote.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni tanga la msiba. Najua mnalala uani kwenye mikeka, wengi, bila chandarua, chakula chenyewe mpaka saa nne usiku, na huku kwetu Lindi na Mtwara malaria ipo juu. Malaria kwenye mimba inajificha kwenye kondo la nyuma na inamnyima mtoto chakula na hewa, hiyo inamdhuru kweli. Waombe shangazi zako wakupe nafasi ndani penye neti, hakuna atakaekunyima, na uwe unakula mapema na watoto. Kama hujameza SP, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kuanzia wiki ya 13 unaruhusiwa, kisha kila ukipita mwezi unarudia pale pale kliniki, isipokuwa kama unatumia septrini kila siku, hapo mwambie nesi kwanza.