Kwa Zuhura, kuhusu zile filamu nne na mama mkwe wako

Zuhura mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Nilitaka kukujibu kwa sauti nikaona hapana, mie nikianza kucheka na kukohoa utaondoka na nusu ya maneno, bora niandike tu hata kama vidole vyangu unavijua. Umeuliza: "Mama, katika zile nne nilizokuwekea kwenye flashi ipi nzuri, nimwekee mama mkwe akija kukaa?" Basi, swali fupi hivyo. Jibu lake refu, vumilia, leo sina pa kwenda.

Kwanza hakuna sinema nzuri. Nimewaambia hivi tangu mko wadogo mnagombania rimoti na kaka yako. Sinema huulizi nzuri au mbaya, unauliza unakaa na nani. Utacheka, utasema mama kaanza, lakini ngoja.

Vuta N'Kuvute nimeitazama na mama yako mdogo. Sasa unamjua mama yako mdogo, kila ukuta ukitokea anasimamisha, "hapa ni wapi, hapa si kule tulikokuwa tunapita chuoni?", mimi nataka kumfuata Yasmin yeye anatafuta mlango wa watu. Saa tatu tumeanza, saa saba tuko macho. Kijana wa watu Amil Shivji kaifanya vizuri, picha zake utadhani unanusa bahari, na kuipeleka mpaka Toronto ile 2021 si jambo dogo kwa filamu ya Kiswahili. Ila mimi kitabu cha Adam Shafi nilikisoma mpaka jalada likatoka, na kitabuni watu wana midomo, Mwajuma yule ana mdomo jamani, huku kwenye filamu wanatazamana. Wanatazamana sana. Mwekee baba mkwe wako, mwalimu yule atapata cha kubishana wiki nzima. Mama mkwe wako atasinzia kabla Yasmin hajamaliza kumkimbia mume wake mzee.

Ile Nairobi Half Life nilidhani mpya, kaka yako akanicheka, kumbe ya 2012. Yule kijana Mwas nimempenda, anauza mikanda kijijini huku anaigiza kila kilichomo, alafu anakwenda Nairobi awe mwigizaji, siku ya kwanza tu wanamwibia kila kitu, mwisho na yeye anafungua vioo vya magari ya watu. Maneno nusu sikuyaelewa, sheng ile, na nusu niliyoyaelewa afadhali nisingeyaelewa. Pale rumande wanapomtia kwenye kile choo akisafishe nilikuwa na sahani ya wali mkononi, nikaiweka chini sikuirudia. Hiyo muangalie wewe na mumeo mkishalaza watoto. Ukimwekea mama yake na yeye yupo chumbani utatafuta pa kuuficha uso.

Ya Katwe, ile Queen of Katwe ya mtoto wa Kampala anayecheza chesi, wape wajukuu zangu. Kizungu tupu lakini huhitaji maneno, Lupita pale kama mama mwenye hasira na dunia amenikumbusha watu wawili ninaowajua na mmoja ni mimi. Sijaimaliza, nitakwambia kwa nini.

Imebaki ile Supa Modo, na mimi najua hiyo ndo uliyokuwa unaiulizia, zile tatu umezipanga mbele yake kama mtu anayenunua vitunguu huku anatazama nyama.

Sikulala, Zuhura. Fupi ile, saa moja na robo hivi, lakini sikulala. Mtoto wa miaka tisa anaumwa, ugonjwa hauponi, mama yake anamtoa hospitali anamrudisha kijijini, na yeye anataka awe shujaa wa kwenye sinema mwenye nguvu. Dada yake anaanza kumdanganya kwamba anazo. Alafu kijiji kizima kinajifanya, watu wazima wenye ndevu zao wanajifanya, na wanaamua kumpigia sinema yake mwenyewe. Mama mtu hataki. Mimi nilikuwa upande wa mama mtu mpaka katikati, alafu nikawa upande wa dada, alafu sikuwa upande wowote, nilikuwa natafuta mtandio wa kujifutia.

Na mama mkwe wako kamzika mwanawe Salma mwaka jana. Sasa?

Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia, au nilikwambia nusu.

Babu yako alipofariki bibi yako alikaa eda, miezi minne na siku kumi, nami nilikuwa na miaka kumi na tatu. Bibi yako alikuwa mtu wa sinema kuliko mtu yeyote ninayemjua, filamu ya Kihindi ilikuwa haimpiti, nyimbo anaziimba huku anakuna nazi bila kujua neno moja lina maana gani. Sasa yuko eda ndani, na Majestic pale Vuga wakairudisha Mother India. Ile ni ya 1957, ilikuwa imeshazeeka, lakini kila ikirudi watu wanajaa kama jana yake ndo imetoka. Yeye alikuwa hajaiona. Jinsi gani hajaiona sijui, mara ana mtoto mchanga, mara mvua, ikawa ndo deni lake. Akaniita akanipa pesa ya kiingilio na ya njugu, akasema nenda na Bi Mize, uniangalilie mimi, urudi unihadithie usiruke kitu.

Nikaenda. Nilikaa na macho yote nje kwa sababu natazama kwa watu wawili. Nargis anavuta jembe yeye mwenyewe matopeni, nakariri. Yule tajiri mkopeshaji na vikuku vya yule mama alivyovichukua, nakariri. Yule mtoto mkorofi Birju anavyovililia vile vikuku vya mama yake mpaka anakuwa jambazi, nakariri. Alafu mwisho anakuja kumteka binti wa yule tajiri, na mama yake mzazi anashika bunduki. Anampiga. Mwanawe. Anamfia mikononi, na vile vikuku kavirudisha. Wanawake ukumbini walilia kilio cha msibani, Bi Mize kanishika mkono mpaka kucha zimeingia.

Sasa njiani kurudi ndo nikaanza kufikiri. Mambo ya mjomba Haji unayajua, na ya bangili unayajua, na alivyofukuzwa na maneno aliyoambiwa mlangoni sina haja ya kuyarudia. Wakati ule ana miaka miwili hajulikani kama yuko Mombasa au Dubai au chini ya bahari, hata mazishi ya babu yako hakuja. Na mimi ninakwenda kumhadithia bibi yako, mjane yuko ndani, kwamba mama kampiga mwanawe risasi.

Nikamhadithia. Nilianza baada ya magharibi mpaka karibu saa nne za usiku, kila kitu kwa mpangilio, jembe, matope, mafuriko, nyimbo nikaimba. Nilipofika kwenye bunduki nikasema, "Mama akavuta, bunduki ikakwama. Birju akashuka kwenye farasi akamwangukia miguuni akalia. Wakarudi nyumbani wakala."

Wakarudi nyumbani wakala! Mie ndo nilisema hivyo, sijui niliutoa wapi.

Bibi yako kakaa kimya kidogo, alafu akasema, "Ehe. Nilijua. Mama hawezi."

Nikadhani imekwisha. Kesho yake wanakuja wanawake kumtazama, yeye anawahadithia, na kwake Birju si kwamba analia tu, anaomba radhi mlango mpaka mlango kijiji kizima. Bi Mize naye kaja, kaketi pale pale, kikombe cha kahawa mkononi. Mie niko mlangoni nakufa. Bibi yako alipofika kwenye bunduki Bi Mize akainua macho akanitazama mimi, si yeye, mimi, akanitazama muda mrefu. Alafu akasema, "Naam. Ilikwama. Na sisi sote tukashukuru."

Mungu amrehemu Bi Mize. Hakunisema mpaka anakufa.

Hapo ndo niliacha siku zote nikikuhadithia, hapo unacheka na mimi nacheka. Iliyobaki ni hii. Mjomba Haji aliporudi, miaka mingi baadae, karudi na deki ya video, kubwa kama sanduku la mahari, na mikanda ndani ya begi. Wameshapatana, kilio kimeshaliliwa, wali umeshaliwa. Anamuuliza mama yake, unataka kuona nini, chochote ninacho. Na bibi yako, katika mikanda yote ile, akataja hiyo. Mie nilikuwa na mimba yako, nikasema nina kichefuchefu niende zangu, bibi yako kasema kaa. Nikakaa.

Wamekaa mkekani yeye na mjomba Haji, bega kwa bega. Tumetazama yote. Ilipofika bunduki mie nikatazama sakafu. Risasi nikaisikia, sikuiona. Kimya. Mjomba Haji naye kimya, mtu mzima yule, anavuta vuta uzi wa mkeka.

Bibi yako akasema, "Mkanda huu wamekuuzia mbovu. Wameuharibu mwisho. Ile ya zamani ilikuwa nzuri zaidi." Akanyanyuka akaenda kutia maji ya chai.

Mpaka leo, Zuhura. Mpaka leo sijui kama alijua siku ile ile ya eda, au alijua kwa Bi Mize, au aliamini kweli kwamba mkanda ni mbovu. Nilimuosha, nilimvika sanda, sikumuuliza. Nafasi nilikuwa nayo miaka kumi na sita. Kuna siku linanichekesha na kuna siku linanikaba hapa.

Sasa turudi kwa mama mkwe wako. Nimesema mwenyewe asubuhi, usimwekee, mtu ana kidonda na wewe unamwagia ndimu, atasema mkwe huyu kakusudia. Alafu nikajijibu, yeye ndo anakuja kukaa kwako kwa sababu kwao kila mtu anakwepa kulitaja jina la Salma, wanamzunguka kama yai, na pengine anatamani mahali pa kulia pasipo mtu wa kumwambia nyamaza. Alafu nikasema, nani kasema anatamani? Wewe unajuaje? Mimi nilijiona najua kilichomfaa bibi yako, na nilikuwa na miaka kumi na tatu, na angalia. Lakini pia angalia, alilala usingizi usiku ule, miezi yote ile ya eda ndo usiku wa kwanza alilala mpaka alfajiri. Hilo nalo lipo.

Kwa hiyo mwekee sisemi, na usimwekee sisemi. Mama mkwe ni wako na nyumba ni yako. Kama ungeniuliza mimi, haya umeniuliza, ningesema... hapana, sisemi, nikisema na ikaharibika mtakuja wote wawili. Nasema hivi tu, usimuwekee watoto wapo, na usimuwekee alafu wewe ukaenda jikoni kupika. Kama unaweka unakaa. Bega kwa bega, simu mbali. Na usimtazame usoni ikifika kule mwisho, tazama chini kama nilivyotazama mimi. Na asipotaka kuendelea akanyanyuka, usimwite.

Ukiamua siku nambie, nitapanda boti nije, nitajifanya nimeleta karafuu na mkate wa ufuta.

Flashi ninayo bado. Nasri aliichomoa achajie simu yake nimebakisha nusu saa ya Katwe, nyumba imeshaingia maji, mtoto anarudi kucheza, giza. Umeme nao leo haueleweki. Kama yule mtoto anashindwa usinambie. Au nambie kashinda.

Mama yako.