Ramani ya simu ndani ya uwanja wa ndege: maswali yenu

Natoka Dar kwenda London kupitia Dubai, na nina saa mbili tu za kubadili ndege. Vibao vimejaa kila kona, ramani ya simu ya nini?

Kibao kinakuonyesha uelekeo, hakikuambii utatembea muda gani. Terminali 3 ya Dubai ina mageti ya A, B na C, na A ni jengo la peke yake. Ukitokea B unalifikia kwa treni. Ukishukia C na ndege ya pili iko A, ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kunusa manukato dukani. Ramani itakukadiria dakika. Foleni ya ukaguzi ongeza mwenyewe.

Mbona inanionyesha niko nje, kwenye njia ya kurukia ndege?

Mawimbi ya setilaiti hayapenyi vizuri paa na zege. Humo ndani simu hujipima kwa Wi-Fi na vifaa vidogo vya Bluetooth. Gatwick, Uingereza, walifunga takriban 2,000 mwaka 2017. Basi washa vyote viwili. Halafu angalia vitufe vya ghorofa pembeni mwa ramani. Wengi hupotelea hapo: wewe uko juu, ramani inaonyesha chini, unazunguka kutafuta choo kilicho chini ya miguu yako.

Shikamoo. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua na Kiingereza hajui. Anapitia Doha peke yake. Ataweza?

Marahaba. Kwa ramani peke yake, hapana. Kwanza mwombee kiti cha magurudumu kwenye shirika la ndege, angalau saa 48 kabla ya safari. Ramani ifungueni pamoja nyumbani, mwonyeshe alama za lifti, choo na chumba cha sala, kisha mwekee picha za skrini kwenye simu yake. Tena pale Doha kuna sanamu ya dubu mkubwa wa njano, mwenye taa kichwani, hapotei machoni. Mama akichanganyikiwa, aunge Wi-Fi ya bure, atume ujumbe wa sauti: "Niko kwa dubu." Wewe utamwelekeza kwa ramani hiyohiyo, hata ukiwa Tanga.

Pasi ya kupandia ndege inasema geti B, kibao kinasema A. Nifuate lipi?

Kibao. Mageti hubadilishwa hadi dakika za mwisho, na ramani itakupeleka popote ulipoiandikia. Andika geti jipya, uanze kutembea.